Jumamosi Jukwaani, Jumatatu Dripu: Nani Kawaambia Hiyo ni Kiki?

Wiki hii Insta ilichafuka tena, na safari hii waliochafua hawakuhitaji hata kuvujisha kitu. Walichukua klipu mbili wakaziunganisha. Ya kwanza ni ya Jumamosi usiku: dansa mmoja wa kike anayetingisha hapa mjini, jina kapuni, yuko nyuma ya msanii mkubwa kwenye shoo ya Njombe, anakata mauno mpaka mashabiki wa mbele wanamshangilia yeye na kumsahau mwenye ngoma. Ya pili ni ya Jumatatu asubuhi: mkono una dripu, kucha ni zile zile za zambarau, na chini yake shoga yake anaomba watu wajitokeze kuchangia damu. Aliyeziunganisha akaweka maneno matatu tu: "Kiki hiyo, wadau."

Kufika mchana ilikuwa sherehe. Mmoja kaandika mgonjwa gani anazungusha kiuno vile. Mwingine kasema huo ni unga, angalieni alivyokonda. Wakaja wa mimba imetoka, wakaja wa anatafuta huruma maana kuna ngoma mpya inakuja, wakaja na wale ambao kila kitu kwao ni kurogwa. Katikati ya fujo yote hiyo kuna dada mmoja aliandika kistaarabu kabisa kwamba mdogo wake ana sikoseli na ndivyo anavyokuwa, leo mzima kesho hoi. Akajibiwa "kaa kimya wewe, umelipwa shilingi ngapi."

Huyo aliyeambiwa akae kimya ndiye peke yake aliyekuwa anajua anachoongea.

Dansa wa watu ana sikoseli, kitabibu selimundu, SS kamili, kazaliwa nayo. Watu wake wa karibu wanajua, mama yake anajua, meneja anajua nusu nusu. Na zile klipu mbili hazipingani hata kidogo. Ya kwanza ndo imeizaa ya pili.

Fikiria ile safari. Njombe ya mwezi wa saba, mji ambao watu wanavaa makoti saa saba mchana, yeye yuko jukwaani usiku na kitop. Kadansi saa nzima, jasho limemlowanisha, kashuka, kasimama nje kwenye baridi na nguo mbichi akisubiri gari la kurudi gesti. Alfajiri basi la Dar, safari ya siku nzima, kiyoyozi kinapuliza, na maji hanywi. Kwa nini hanywi? Kwa sababu kila mwanamke aliyewahi kusafiri na basi za mikoani anajua habari ya kuchimba dawa, kuanza kumbembeleza konda gari isimame, abiria wanakuangalia. Bora ukae na kiu. Walipokaribia Morogoro miguu ikaanza. Kufika Dar usiku hakuweza kushuka ngazi za basi mwenyewe.

Baridi, uchovu, kukosa maji. Muulize daktari yeyote wa sikoseli vitu gani vinaamsha maumivu, atakutajia hivyo hivyo vitatu, ataongeza maambukizi kama malaria na nimonia, na pombe. Yaani maisha yote ya mtu wa burudani yamekaa kwenye hiyo orodha.

Sasa kwa wale wanaolisikia hili jina tu bila kujua ni dude gani. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinajikunja zinapita hata kwenye mishipa myembamba kabisa. Za mtu mwenye SS zikiachia oksijeni zinakakamaa na kupinda kama mundu, ndo maana wakaita selimundu. Zikipinda zinanasa kwenye mishipa, damu haipiti, na sehemu iliyokosa damu inauma. Wenyewe wanasema ni kama mtu anakupigilia misumari ndani ya mfupa, hakuna pa kujikuna, hakuna pa kukanda. Halafu chembe hizo hazidumu. Za kawaida zinaishi siku 120 hivi, zao siku 10 mpaka 20 zimekwisha. Kwa hiyo mwili unatengeneza damu muda wote na bado haitoshi. Mwanamke mzima asiye na tatizo anatakiwa awe na damu ya 12 kwenda juu. Mwenye SS anaweza kuishi na 7 au 8 miaka nenda rudi, akaenda kazini, akadansi. Wewe ukishuka mpaka 7 unabebwa.

Hapo ndo watu wanapopotea. Wanajua sikoseli moja tu, ile ya mtoto mwembamba tumbo limejaa, mama kambeba mgongoni kwenye foleni ya hospitali. Hawana picha ya mtu mzima. Zile imani za mitaani kwamba "hawa hawafiki 18" zimewaingia kiasi kwamba wakikutana na mwenye miaka 27, ana kope za bandia na wafuasi laki tatu, wanaona haiwezekani. Kuna wahudumu wa afya pia wako hivyo. Dansa huyu aliwahi kupelekwa hospitali moja usiku akitokea moja kwa moja shoo, uso bado una poda na wanja. Aliyekuwa zamu akamwangalia juu mpaka chini, akasema "dada, wagonjwa wakae mbele, wewe subiri." Akasubiri. Dawa ya maumivu aliipata alfajiri, tena baada ya kuulizwa mara mbili kama hajazoea sindano.

Toka siku hiyo ana utaratibu wake. Maumivu yakianza, kabla ya kuita bodaboda au Bolt, anafuta kwanza uso. Anautafuta ugonjwa ufanane na ugonjwa. Jamani.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni kwamba sikoseli haifanani kwa mtu na mtu. Kosa kwenye jeni ni lile lile, sehemu ile ile, herufi moja tu imebadilika, lakini mmoja analazwa mara sita kwa mwaka na mwenzake anapitisha miaka miwili anakula zake chipsi kuku. Kuna ndugu wawili Temeke, baba mmoja mama mmoja, wote SS. Mkubwa ni dijei, utamkuta kwenye baa za Sinza mpaka majogoo, akiumwa sana ni siku mbili nyumbani. Mdogo wake alipata kiharusi akiwa shule ya msingi na mpaka leo mkono mmoja hauna nguvu. Wamekula sahani moja, wamelala kitanda kimoja.

Sababu moja inajulikana. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini ya kichanga, ambayo haipindi. Akizaliwa inapungua, ndo maana dalili huwa hazionekani miezi ya mwanzo. Kuna watu ambao hiyo ya kichanga haiishi yote, inabaki kiasi ukubwani, na hao huwa na nafuu. Nayo inarithiwa kivyake. Kwa hiyo ndugu wanaweza kugawana ugonjwa sawa na wakagawana bahati tofauti. Na hata huyo mwenye bahati haina maana kapona. Dijei mwenyewe nyonga imeanza kumsumbua, mfupa ukikosa damu muda mrefu unakufa taratibu, siku hizi anachechemea kidogo. Kuna jamaa walisharekodi anavyotembea wakaweka kicheko. Wakasema anaringa.

Kuna ishu ya miwani pia. Chembe zikivunjika kwa wingi macho yanakuwa ya njano, ndo mastaa wa aina hii wanaingia ukumbini saa tano usiku na miwani ya jua. Watu wanatoa hukumu hapo hapo: teja. Kakonda, miwani, anapotea wiki nzima simu haipokelewi, anajulikana kwa manesi. Ukizijumlisha kwa akili ya udaku unapata unga, na ukishapewa jina la unga mjini hapa kulivua ni kazi.

Kwa wanaume kuna moja inayofichwa kuliko zote. Mwanaume mwenye sikoseli anaweza kusimamisha bila hamu yoyote, kwa masaa, na kwa maumivu makali, kwa sababu damu imenasa huko. Watu wakisikia wanacheka, wengine wanasema "bora yangenipata mimi." Ikipita masaa manne hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali, na mtu akijifungia ndani kwa aibu mpaka kesho yake anaweza asifanye kazi tena huko maisha yake yote. Wangapi wamejifungia? Hakuna anayeposti hiyo.

Majuu nako mastaa wamepita humo humo. T-Boz wa TLC, wale waliotikisa miaka ya 90, aligundulika akiwa mtoto na akaambiwa hatafika miaka 30. Alizunguka dunia anaimba na kudansi huku mashabiki hawajui kitu, mpaka 1996 ndo akaweka wazi. Kazaliwa 1970, piga hesabu mwenyewe. Prodigy wa Mobb Deep hakuficha, mwaka 2000 alitoa wimbo mzima kuhusu maumivu yake. Juni 2017 alipiga shoo Las Vegas kwenye joto la jangwani, akalazwa kwa sikoseli, akafia hospitalini tarehe 20 akiwa na miaka 42. Ripoti ya uchunguzi ilisema alipaliwa na chakula akiwa hapo hapo wodini. Siku moja kabla, tarehe 19, ilikuwa Siku ya Selimundu Duniani.

Sasa swali ambalo mashabiki wanaliuliza kila mara: kwa nini hasemi mapema basi? Si angeposti tu kwamba ana sikoseli, watu wakamwelewa?

Aposti ili iweje? Anayeuliza hivyo hajawahi kulipwa kwa shoo. Promota akisikia dansa ana ugonjwa unaoweza kumlaza siku ya tukio, hampigii tena, anampigia mwingine. Hamwambii kwa nini, anasema tu "tutakucheki." Na mwenye SS hawezi hata kumhakikishia promota, kwa sababu mwenyewe hajui Ijumaa ijayo itakuwaje. Mwenye mguu uliovunjika anaweza kusema wiki sita. Yeye anasema labda. Biashara ya shoo haijui neno labda, advansi ikishaliwa imeliwa. Kwa hiyo ananyamaza, anameza vidonge, anapanda basi.

Lakini kwenye hili kambi yake nayo inastahili kusemwa. Meneja alipoona komenti zimewaka, badala ya kunyamaza akaposti kwamba "dada yetu ni mzima kabisa, alikuwa na uchovu tu, wapuuzeni wazushi." Yaani shoga yake anaomba damu, meneja anasema ni uchovu. Hapo waliokuwa wanamtetea wote waliishiwa maneno. Halafu mbaya zaidi, gari zima la Njombe lilikuwa na watu 11 na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua afanye nini mguu ukianza kuuma. Mmoja akampa kinywaji cha kuongeza nguvu. Mwingine akasema amkande na barafu. Barafu, kwa mtu ambaye baridi ndo imemfikisha hapo! Kuficha kwa mashabiki ni haki yake na hakuna anayemdai. Kuficha kwa watu unaolala nao gesti moja, mikoani, mbali na kliniki yako, huko ni kucheza na roho.

Na mapenzi je. Dada huyu alishaachwa na jamaa aliyekuwa amefikia hatua ya kupeleka posa, mama wa kijana alisema hataki wajukuu wagonjwa. Sawa, hofu ya mama inaeleweka, ila hesabu yake ilikuwa mbovu. Ili mtoto awe SS lazima apokee jeni kwa baba na kwa mama, zote mbili. Mwenye SS akizaa na mwenye AA, watoto wote wanakuwa AS, wabebaji, wanaishi kama kawaida. Akizaa na mwenye AS ndo kila mimba ni nusu kwa nusu. Na watu wawili wa AS, wazima wa afya, warembo, wanaocheza mechi na kunyanyua vyuma, kila mimba yao ina asilimia 25 ya kuwa SS. Kijana mwenyewe hakuwa amepima. Inakadiriwa Watanzania kama 13 kati ya 100 ni wabebaji na wengi wao hawajui. Mkusanyiko wa matusi kwenye ile posti, ukichukua watu mia wa kwanza, humo ndani wamo kumi na zaidi ambao wanaibeba kwenye damu yao wenyewe wakati wanaandika "laana ya ukoo."

Na si laana ya mtu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha, kwa damu za watu wa huku huku Afrika Mashariki, kwamba mwenye AS anakingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Malaria iliwaua wengine, wabebaji wakabaki kuzaa. Ndo maana iko kwetu kwa wingi, na ndo maana Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo, inakadiriwa 11,000 hivi kila mwaka.

Hao watoto wanakua. Hilo ndo jipya ambalo mjini hawajalipokea. Muhimbili wana programu ya sikoseli tangu 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia maelfu ya wagonjwa. Kuna haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopandisha ile hemoglobini ya kichanga, Marekani waliipitisha kwa watu wazima tangu 1998. Benjamin Mkapa Dodoma wameshapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Majuu Desemba 2023 walipitisha tiba ya kurekebisha jeni, bei ya mtu mmoja dola milioni 2 na ushee, hiyo tuiache ilale. Lakini kwa hizi zilizopo tu, wale walioambiwa hawafiki 18 wamefika, wanapanga vyumba, wanatongozwa, wanafukuzia kazi. Mtawaona klabu. Mtawaona wakizungusha kiuno. Mlitaka wafanye nini, wakae kitandani mwaka mzima ili Jumatatu wakiumwa muwaamini?

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo si ya kupuuza. Mastaa wa Bongo wameshadanganya sana. Watu wameshaona vifo vya uongo, ndoa za uongo, mimba za mto, mpaka wamechoka, na shabiki akisikia dripu anaangalia kwanza kama kuna ngoma inatoka Ijumaa. Sawa. Shaka ya shabiki haikutoka hewani. Lakini shoga mtu aliomba damu, hakuomba hela wala hakuomba kufuatwa. Aliyedhani ni uongo alikuwa na uwezo wa kupita tu bila kuandika. Waliokuwa na nia ya kwenda kuchangia wakasoma komenti, wakaona "kiki", wakaendelea na mambo yao. Shoga anasema walioahidi kwenda walikuwa kama ishirini. Waliofika ni wanne, wawili kati yao ni ndugu.

Mapromota nao wasijifanye hawahusiki, maana kinachotakiwa wala si kikubwa. Kuna kundi moja la dansa la Kinondoni lina msichana mwenye SS na limeshajipanga, bila kutangaza popote. Safari za mbali wanaongeza dansa mmoja anayejua stepu zote, akibanwa huyu anaingia yule na shoo inaendelea, promota wala hajui. Kuna begi lina blanketi, nguo kavu za kubadilisha akishuka tu, katoni ya maji, dawa zake, na karatasi yenye namba ya daktari wake na jina la hospitali kubwa ya kila mkoa wanaoenda. Wote wameambiwa barafu marufuku. Dereva naye kapewa maelekezo yake: huyu dada akisema simamisha, unasimamisha, hata kama mmetoka kuchimba dawa dakika kumi zilizopita.